Kuazima na Kuiba katika Michezo ya Video

Msomaji, usidhani kwamba kila kitu kipya hutoka mikononi mwa mtu asiyepata kutazama kazi ya mwenzake. Historia ya michezo ya video yatufundisha kinyume chake.

Mwaka 1972 kampuni ya Magnavox ya Marekani ilitoa Odyssey, chombo cha kuchezea michezo kwenye televisheni, kilichotokana na kazi ya Ralph Baer. Mmoja wa michezo yake ulikuwa tenisi ya mezani. Nolan Bushnell wa kampuni ya Atari aliutazama mwezi wa Mei, na kabla ya mwaka kwisha Allan Alcorn, mhandisi wake, alikuwa amekwisha tengeneza Pong. Odyssey haikuwa na sauti wala haikuhesabu pointi. Pong ilifanya yote mawili. Wazo liliazimwa, lakini kazi iliongezwa. Hata hivyo Magnavox walishitaki, na mwaka 1976 Atari wakakubali kulipa ili wapewe ruhusa.

Hiyo ni habari ya kuazima kwa jirani. Ama kuitumia tena mali yako mwenyewe, hilo si aibu kamwe. Katika Super Mario Bros., mchezo uliotolewa na Nintendo ya Japani mwaka 1985, mawingu na vichaka vina umbo moja. Kilichobadilishwa ni rangi tu. Mchezo mzima ulienea katika kilobaiti 40, wala hapakuwa na nafasi ya kupoteza. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Basi, mpaka u wapi? Mwaka 1981 Atari waliokuwa washitakiwa waligeuka washitaki. Philips, wenye kuimiliki Magnavox, walikuwa wametoa K.C. Munchkin, mchezo uliofanana na Pac-Man, ambao Atari walikuwa na haki nao. Mwaka 1982 mahakama ya rufani ya Chicago ilisema kwamba wazo la kufukuzana katika vichochoro ni la watu wote; lakini sura ya yule mlafi ameza-vitone, na ya mizimu imwandamayo, ilikuwa mali ya wenyewe. Uuzaji ukaamriwa usimamishwe.

Nawe uandikapo insha, soma kazi za wenzako na ujifunze kwao bila haya. Lakini kabla hujatia jina lako chini, jiulize: mimi nimeongeza nini?