Kutu si ya kila metali
Kule Kitulo, Tanzania, mita zipatazo 2,600 juu ya bahari, ukungu haukawii kulichakaza bati, na watu husema limeshika kutu. Sawa, ikiwa ni jekundu: kutu ni chuma kilicholiwa na maji na hewa. Unga mweupe unaotangulia ni wa zinki, koti la bati, inayoliwa ili chuma kipone. Sarafu yetu ya shilingi 500, iliyotoka 2014, ni kinyume: chuma kilichovikwa nikeli. Nikeli ikikwaruzwa, chuma ndicho huliwa kwanza. Hiyo ni kutu halali. Senti ya Marekani, tangu 1982, ni zinki iliyovikwa shaba. Ikichubuka, zinki humomonyoka kwa ndani. Hiyo tuseme imeliwa, tusiisingizie kutu.