Machungwa ya Tongoni na mafuta ya moto

Wadau, Jumapili iliyopita baada ya ibada nilipanda gari la Pangani nikashuka Tongoni, kama kilomita 20 kusini ya Tanga mjini. Wengi huenda kuona msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Mimi nilitaka kuitazama bahari.

Ni kwenye mafungu ya huku ndiko São Rafael, meli ya Paulo da Gama, nduguye Vasco, ilikokwama Aprili 1498. Wenyeji wakawafuata kwa mitumbwi, mmoja umejaa machungwa. Mreno mmoja aliyekuwemo safarini aliandika kuwa yalikuwa bora kuliko ya kwao (watu wa Muheza mpo?).

Kesho yake wakatia nanga Mombasa, mkesha wa Jumapili ya Matawi, wakitumaini kusali misa na Wakristo walioambiwa wapo pale. Juma Kuu hilohilo Vasco akahisi mtego. Waislamu wawili waliokuwa melini wakadondoshewa mafuta ya moto mwilini ili waseme. Wakasema: kuna njama. Walipoteswa mara ya pili, mmoja akajitupa baharini mikono imefungwa. Mwenzake akafuata alfajiri.

Na njama ilikuwepo! Usiku uleule watu waliogelea kuja kukata kamba za nanga. Hapo ndipo panaponitesa mimi, maana mateso yalileta jibu. Lakini Paulo Mtume, Warumi 3, anakataa kabisa hoja ya kutenda uovu ili jema lipatikane. Papa Nikolao wa Kwanza aliwaandikia Wabulgaria mwaka 866 kwamba ungamo la kulazimishwa halifai. Mwaka 1252 Inosenti wa Nne akaruhusu wazushi wateswe. Kwa hiyo majibu yote mawili yalikuwemo kanisani, na Vasco alishika lile lililomfaa usiku ule.

Januari 1499 walirudi huku huku, mabaharia wamekwisha kwa maradhi, wakaichoma São Rafael kwa kukosa watu wa kuiendesha. Wakakaa siku 15 wakibadilishana mashati na bangili kwa kuku wa Mtangata, ndiyo Tongoni hii. Kwa amani kabisa!

Jamani, mwaka jana stendi moja nilikuta kijana anapigwa ataje ilikofichwa simu ya abiria. Nilikuwa natoka kanisani, Biblia kwapani. Nikanyamaza. Akataja, simu ikapatikana, watu wakashangilia.