Aliyebaki na Sauti ya Mwenzake

Mwaka 2014 muziki wa dansi ulifiwa mara mbili. Tarehe 13 Aprili alifariki mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo jijini Dar es Salaam. Desemba mwaka huo huo akamfuata Shem Ibrahim Karenga, mtunzi wa "Dada Asha". Gurumo alikuwa mtu wa Kisarawe, Uzaramo. Karenga alikuwa mtoto wa Kigoma, na hapa Usoke, kituo cha reli kati ya Tabora na Urambo, wengi tulimhesabu kuwa wetu.

Wakati wa misiba kama hiyo huandikwa mengi juu ya marehemu: alizaliwa wapi, alipitia bendi zipi, alitunga nyimbo gani. Mimi huwafikiria zaidi waliobaki, wale waliosimama naye jukwaani miaka nenda rudi, wakiitikia pale yeye alipoita. Mjane anajulikana, yatima wanajulikana, na kila mmoja ana nafasi yake matangani. Mwanabendi mwenzake ana nafasi gani?

Huku Unyamwezi swali hilo lina jibu la zamani, nalo limo katika utani. Mtani mkubwa wa Mnyamwezi ni Mzaramo, na utani huo ulikomaa njiani. Katika karne ya 19 vijana wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi pwani, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Richard Burton, aliyefika Unyanyembe Novemba 1857, aliandika kwamba kwa kijana wa Kinyamwezi safari ya pwani ilikuwa kipimo cha uanaume. Njia ya kwenda Bagamoyo na bandari za jirani ilipita katika nchi ya Wazaramo. Watu wanaopitiana mlangoni kila msimu, wakiuziana chakula na kugombea maji, ama watapigana ama watataniana. Hawa walitaniana, na utani ukawa bima ya msafiri: akiishiwa, atalishwa, akifa ugenini, yupo wa kumzika.

Mpaka leo mtani akifika msibani hakai kimya. Anavaa kofia ya marehemu, anaiga mwendo wake, anakohoa alivyokohoa, anadai deni ambalo halikuwapo. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Wageni huona ni utovu wa adabu, lakini kwangu mimi hakuna heshima kubwa kuliko hiyo, kwa sababu huwezi kumwiga mtu usiyemjua. Mtani anathibitisha mbele ya watu wote kwamba aliyelala pale alitazamwa vizuri alipokuwa hai.

Misafara ile ya kwenda pwani ilikuwa na muziki wake. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa msafara, nyuma yake ngoma na mlolongo wa wapagazi. Mmoja alianzisha wimbo, wengine wakauitikia, na mzigo ukatembea. Kambini waligawanyika vikundi vidogo, kila kikundi na chungu chake. Walikula pamoja, waliimba pamoja, na mmoja wao alipougua ni hao hao walioona kwanza kwamba sauti moja imepungua.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaumaliza upagazi wa masafa marefu. Kisha vikaja vita, Wabelgiji wakaitwaa Tabora Septemba 1916, na beni, ngoma ya pwani yenye tarumbeta na vyeo vya kijeshi, ikaenea bara pamoja na askari na makarani. Baada ya beni, magitaa. Tabora ikawa mji wa bendi: Kiko Kids ya Salum Zahoro, iliyovuma kabla ya Uhuru, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz yenye mtindo wa Segere Matata. Watu wa magharibi waliokuwa Dar es Salaam nao hawakukaa bure. Mwaka 1959 Iddi Nhende alianzisha huko Western Jazz, na jina lenyewe linasema watu hao walitoka wapi.

Karenga alianzia muziki Kigoma, katika Lake Tanganyika Jazz, kisha mapema miaka ya 1970 akajiunga na Tabora Jazz. Atokaye Kigoma kwa treni hupita Uvinza, Kaliua na Urambo, akaja Usoke, ndipo afike Tabora. Ni nchi ile ile ya misafara ya Ujiji. Baadaye alihamia Dar es Salaam, na huko akaliendeleza jina la Tabora katika bendi ya Tabora Jazz Star. Angeweza kuchagua jina jipya la mjini. Alichagua kubaki na la wenzake.

Kwa upande wa Gurumo, huwezi kumtaja bila Hassan Rehani Bichuka. Waliimba pamoja NUTA Jazz, na mwaka 1978 wote wawili wakawa miongoni mwa waimbaji wa Mlimani Park. Mwaka 1985 Gurumo alikwenda Safari Sound, akaleta mtindo wa Ndekule, na baadaye akarudi katika bendi ile ya NUTA, iliyokuja kuitwa Msondo. Bendi zilibadilika na wamiliki wakabadilika, lakini masikio ya wasikilizaji hayakuwatenganisha: sauti ya Gurumo nzito, imetulia chini; ya Bichuka, waliyempa jina la Stereo, kali na ya juu. Mwaka 2018 mtafiti wa Marekani, Frank Gunderson, alitoa kitabu juu ya wawili hao kwa pamoja. Alifanya jambo la haki. Maisha ya mwimbaji wa dansi ukiyaandika peke yake unaandika nusu ya wimbo.

Sikinde, jina lililoibeba Mlimani Park, na Msondo, lililoibeba bendi ya NUTA, ni majina ya ngoma za Kizaramo. Kwa hiyo Mnyamwezi aliyeyarudi magoma ya Sikinde katika harusi hapa Usoke alikuwa akicheza ngoma ya mtani wake, kama alijua au hakujua. Na Bichuka akiimba wimbo walioimba pamoja na Gurumo, akiiacha wazi ile sehemu ya chini au kumpa kijana aijaribu, anafanya kazi ya mtani msibani: anatuonyesha marehemu alisimamaje, alivuta pumzi wapi.

Tabora nayo inastahili kuandikwa hivyo. Santuri nyingi za enzi hizo zina jina la bendi na la mtunzi, basi. Nani alipiga rithimu, nani alishika besi, nani aliimba sauti ya pili, karatasi ya santuri haisemi. Anayejua ni yule aliyekuwa amesimama kando yake siku ya kurekodi, na huyo leo ni mzee. Anayetaka kuandika historia ya Segere Matata awawekee wazee hao zile nyimbo wazisikilize, gitaa likiingia awaulize ni la nani, na awaache waige.