Ziwa Lililohamia London

Mwaka 1951 maji ya Afrika Mashariki yalihamia London. John Huston alikuwa anatengeneza *The African Queen*, na tumpe haki yake: jamaa alikuja kweli. Alipiga picha Kongo kwenye mto Ruiki, akaja Uganda, Butiaba kando ya Ziwa Albert, na kwenye maporomoko ya Murchison. Lakini kila unapowaona Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wakiwa ndani ya maji, wakivuta boti kwenye matete, Bogart akitoka na ruba mwili mzima, hayo si maji ya huku. Ni tangi, ndani ya studio za Isleworth, magharibi mwa London. Maji yetu yalionekana hatari mno kwa mastaa. (Si uongo kabisa. Kichocho kipo, uliza mtoto yeyote aliyekulia ufuoni.)

Nimeitazama filamu hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili, na sababu ni masomo. Kwa muda sasa najifunza utayarishaji pepe, ile mbinu ambapo mwigizaji anasimama studioni na dunia nzima inaletwa nyuma yake na kompyuta. Filamu ninayoitaka ni fupi: usiku mmoja wa wavuvi wa omena kutoka Takawiri, kisiwa cha ukoo wa mama yangu, kati ya Rusinga na Mfangano, kaunti ya Homa Bay. Kupiga picha usiku katikati ya Ziwa Victoria, na kamera ya kukodi ndani ya mashua ya mbao, ni kutafuta msiba. Upepo wa ziwa haukupigii simu kwanza. Kwa hivyo na mimi nataka kufanya alichofanya Huston: kulihamisha ziwa. Ndiyo maana nilianza kuuliza ni nani wengine walilihamisha kabla yangu.

Kwanza mbinu yenyewe. Ebu sahau lile pazia la kijani. Hapa mwigizaji anazungukwa na ukuta wa taa za LED, skrini kubwa kuliko nyumba, na picha iliyo kwenye ukuta inachorwa papo hapo na injini ya mchezo, programu zilezile zinazoendesha michezo ya kompyuta. Kamera ina vihisio vinavyoiambia kompyuta imesimama wapi na inaangalia wapi. Kamera ikisogea, picha ukutani nayo inabadilika kufuata jicho lake. Ukipanda matatu kutoka Homa Bay kwenda Mbita utaona nguzo za stima zikipita mbio dirishani huku vilima vya mbali vikienda nawe taratibu. Ukuta wa LED unaiga hilo, na jicho linakubali. *The Mandalorian* ya 2019 ndiyo iliyoifanya mbinu hii ijulikane kila mahali, kwenye ukuta wa urefu wa kama mita 6 uliozunguka karibu pande zote. Shujaa wake anavaa chuma kinachong'aa. Mbele ya pazia la kijani chuma hicho kingeng'aa kijani. Mbele ya ukuta kinang'aa jangwa.

Watu huongea kana kwamba jambo hili lilizaliwa juzi. Kumbe Hollywood ilikuwa inarusha picha nyuma ya waigizaji tangu miaka ya 1930. Na mfano ninaoupenda zaidi ni wa 1968, *2001: A Space Odyssey* ya Stanley Kubrick. Ile sehemu ya mwanzo, ya nyani-watu kwenye nyika kavu, inatakiwa kuwa Afrika. Ni Afrika, na si Afrika. Wapiga picha walitumwa Namibia, wakati huo ikiitwa Afrika ya Kusini Magharibi, wakapiga picha za mnato za jangwa. Picha zikasafirishwa hadi Borehamwood, Uingereza, zikarushwa kutoka mbele kwenye skrini kubwa yenye kurudisha mwanga, na waigizaji waliovaa manyoya wakacheza mbele yake. Kuna chui pale ambaye macho yake yanawaka kama taa. Hakuna aliyepanga hivyo. Mwanga wa projekta uligonga macho ya chui ukarudi moja kwa moja kwenye kamera. Mimi huirudia shoti hiyo kila mara, kwa sababu macho ya chui ndiyo yanayokuambia mandhari yale ni mwanga tu.

Kwa hivyo mandhari ya Afrika yamekuwa malighafi ya ujanja huu kwa muda mrefu. Je, watu wake?

Hapo inabidi turudi Vugiri, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliolipiwa kwa sehemu kubwa na Carnegie Corporation ya Marekani. Waliouendesha ni L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza filamu fupi 35 hivi, za safura, za akiba ya posta, za kilimo, sauti yake ikitoka kwenye sahani za santuri. Lori likazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia Kaskazini. Filamu zenyewe nyingi ni mahubiri: mwerevu anafuata maagizo anafanikiwa, mjinga hafuati anaumia. Mimi kinachonivutia ni chumba cha giza. Pale Vugiri, Waafrika walifundishwa kazi ya maabara, kusafisha filamu, kuitengeneza. Walishika ufundi mikononi, bana, mwaka 1935. Ripoti ilitoka 1937, na kwenye jalada kuna majina mawili, la Notcutt na la Latham. Mradi ukafungwa.

Miaka miwili baadaye, 1939, Uingereza ikaanzisha Colonial Film Unit, na mkuu wake William Sellers akaja na nadharia yake. Alikuwa amefanya kazi ya afya Nigeria na kuonyesha filamu huko, akaamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika asiyesoma anahitaji sinema ya peke yake. Shoti ziwe ndefu. Hadithi iende polepole. Na ujanja wa kamera uepukwe kabisa, usije ukamchanganya. Soma sentensi hiyo tena polepole, kama alivyotaka Sellers. Ujanja wa kamera ndio sinema! Ukiutoa unabaki na kanda ya kuonyesha jinsi ya kunawa mikono. Na ukishaamini mtu hawezi kuutazama ujanja, hutapoteza muda wako kumfundisha kuufanya.

Sisemi Sellers ndiye aliyetuchelewesha peke yake. Pesa nazo zilichangia, na serikali zetu pia. Shule ya mafundi wa utangazaji iliyokuja kuwa KIMC, pale South B, Nairobi, ilianza 1961. Sao Gamba akatoa *Kolormask* 1986. Wanuri Kahiu alipotaka kutuonyesha Afrika Mashariki ya baadaye isiyo na maji, kwenye *Pumzi* ya 2009, alienda kuipigia picha Afrika Kusini. Hata sisi tumezoea kwamba nchi yetu inatengenezewa kwingine.

Halafu ikaja 2017. Timu ya Jon Favreau ilifika Kenya kwa safari ya wiki mbili kujiandaa kwa *The Lion King*. Walirudi na terabaiti 12.3 za picha: miti, mawe, mwanga wa jioni, vumbi. Wakaingia kwenye jengo moja Los Angeles, wakavaa miwani ya uhalisia pepe, wakatembea ndani ya Kenya ya kompyuta wakichagua pa kuweka kamera. Filamu ilipotoka 2019, Favreau mwenyewe alieleza kwamba kati ya shoti 1,490 zilizotengenezwa na wachoraji wa kompyuta, alichomeka moja tu iliyopigwa Afrika kweli, lile jua la kwanza kuchomoza. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Kwa *Out of Africa*, 1985, simba waliofunzwa waliletwa Kenya kutoka California. Safari hii hata simba hakuhitaji tiketi.

Sina chuki na Favreau. Alichofanya ndicho ninachojifunza, na injini za aina hiyo leo mwanafunzi anazipakua bila kulipa. Sellers angeshangaa. Kinachonisumbua ni kitu ambacho mjomba wangu alikisema kwa maneno machache.

Mjomba ni mvuvi wa omena. Anajua mwanga kuliko mwalimu yeyote niliyepata. Zamani walitumia karabai, siku hizi taa za sola, na kazi ni ileile: unaweka taa juu ya maji meusi, unasubiri, omena wanakuja kuizunguka, unavuta wavu. Mwezi ukiwa mpevu hawaendi, kwa sababu taa inashindwa nguvu. Nilipomweleza kwamba kwenye studio ya LED nako mwanga wa taa nyingine huzuiwa usiupige ukuta, ili ukuta ushinde, hakuona ajabu yoyote. Alitaka kujua bei.

Ilikuwa Mei, uvuvi wa omena umefungwa kama kila mwaka, Aprili hadi Julai, na mashua yake imelala kwenye mchanga mweupe. Nilikuwa naipiga picha kwa ajili ya fotogrametria. Unazunguka kitu, unakipiga mamia ya picha zinazopishana kidogo, programu inatafuta alama zilezile kwenye kila picha na kukijenga upya, pande zote. Mjomba alinitazama nikizunguka mara ya nne.

"Okewa," akasema, "hiyo boti ukiimaliza, mtu anaweza kuinunua huko kwenye kompyuta?"

"Anaweza, mjomba. Kuna soko la vitu kama hivi. Miamba, miti, vijiji vizima."

"Na ufuo wa Takawiri?"

"Na ufuo."

"Akishanunua, anarudi huku kwa sababu gani?"

Nilimwambia ukweli, kwamba hana sababu. Hatahitaji mashua ya kumvusha kutoka Mbita, wala mtu wa kumpikia samaki, wala mvuvi wa kumwonyesha taa inashikwaje. Nikamwambia pia kwamba hakuna anayenizuia kuipiga mimi kwanza, na kwamba hii sitaiweka sokoni. Hakujibu. Sijui kama hilo linatosha kuwa jibu.

Usiku niliitoa ile picha kwenye laputopu. Mchanga ulitoka safi, hadi alama za nyayo. Mbao zilitoka, misumari, jina la mashua lililopakwa rangi. Ziwa halikutoka kabisa. Fotogrametria inahitaji kitu kitulie, na maji hayatulii, kila picha ina mawimbi yake na mng'ao wake, kwa hivyo programu hukosa pa kushika na kuacha shimo. Maji itabidi niyajenge kwa hesabu, wimbi kwa wimbi, na hiyo ni kazi ya miezi.

Mjomba aliikagua mashua yake ikiwa imening'inia juu ya shimo jeusi. Akauliza kwa nini upande mmoja hauna mbao. Nikamwambia ndio uliolalia mchanga, kamera haikuuona. Asubuhi akaita vijana wawili waje waigeuze.