Kuingia Tanzania kupitia Sirari

Sirari ni kituo cha mpakani wilayani Tarime, mkoani Mara. Ng'ambo yake ni Isebania, Kenya. Mabasi yatokayo huko kwenda Mwanza hushika barabara ya Musoma na kuingia jijini kupitia Igoma, kata ya Wilaya ya Nyamagana. Mkenya au Mganda hahitaji viza: hugongewa muhuri wa kukaa hadi miezi 6, kwa mujibu wa Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki iliyoanza kutumika Julai 1, 2010. Hapo ndipo wengi hupotoka, wakidhani kutohitaji viza ni kutohitaji karatasi. Kenya, Uganda na Rwanda ziliruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, lakini Tanzania haikujiunga. Pasipoti au hati ya muda ya kusafiria ingali lazima. Wageni wa mbali wanaotakiwa viza wanaweza kuiomba mtandaoni: ya kawaida ni dola 50 kwa siku 90, ila Mmarekani hulipa dola 100, ya mwaka mzima. Viza ya matembezi hairuhusu kufanya kazi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo isisahauliwe sandukuni.