MacGregor: Jina Lililopigwa Marufuku

Tarehe 3 Aprili 1603, siku mbili kabla Mfalme James wa Sita wa Uskoti hajaondoka Edinburgh kwenda London kukalia kiti cha enzi cha Uingereza, baraza lake lilitoa amri ya kufuta jina la watu. Kila aliyeitwa MacGregor alitakiwa ajitafutie jina jingine. Aliyekaidi, adhabu yake kifo.

Ukoo huo, uliojihesabu wana wa Gregor, ulikaa tangu enzi za mababu katika mabonde ya Glen Orchy, Glen Strae na Glen Lyon, magharibi na katikati ya Uskoti. Shida yao ilikuwa kukosa hati. Wao walishika ardhi kwa urithi na kwa upanga. Majirani zao, akina Campbell, walikuwa na karatasi za mfalme. Taratibu wenyeji wakageuzwa wapangaji, kisha wakafukuzwa, na wengi wakaishia kuiba ng'ombe.

Februari 1603, huko Glen Fruin karibu na Loch Lomond, chifu wao Alasdair wa Glenstrae aliwashinda akina Colquhoun, waliokuwa na kibali cha mfalme cha kuwasaka. Damu nyingi ilimwagika, na mfalme akalipiza kwa amri ile ya Aprili. Mkuu wa akina Campbell, Mwinyi wa Argyll, alimwahidi Alasdair kumfikisha salama Uingereza. Akamvusha mpaka kweli hadi Berwick, halafu akamrudisha papo hapo. Januari 1604 Alasdair alinyongwa Edinburgh. Ahadi ilitimizwa kwa herufi zake na kuvunjwa kwa roho yake, na huo ulikuwa usaliti mtupu.

Sheria zilizofuata ziliwakataza akina MacGregor kukusanyika zaidi ya wanne, wala kubeba silaha isipokuwa kisu butu cha kukatia nyama.

Basi wakajiita Grant, Stewart, Drummond, Murray. Wengine hata Campbell, jina la mahasimu wao. Rob Roy, aliyezaliwa 1671 na ambaye riwaya ya Walter Scott ilimpa umaarufu, alitumia Campbell kwa sababu mama yake alitoka ukoo huo. Mfalme Charles wa Pili aliondoa marufuku mwaka 1661, maana walikuwa wamempigania. Mfalme William akairudisha 1693. Watoto wakazaliwa, wakaoa na kuzikwa kwa majina ya kuazima, na wengi wa wajukuu wao hawakurudi tena kwenye jina la asili.

Bunge lilifuta marufuku hiyo kabisa mwaka 1774. Wanaume 826 wakatia saini kumtambua John Murray wa Lanrick kuwa chifu wao. Naye pia alikuwa akiishi chini ya jina la kuazima. Mwanawe Evan alirudi kuitwa MacGregor mwaka 1822. Mwaka huohuo Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh, na ulinzi wa taji la kale la Uskoti, lilipotolewa ngomeni kwenda jumba la Holyrood, ukakabidhiwa kwa akina MacGregor.