Kutoka kwa Mtoto hadi kwa Mama: Historia ya Ufahamu wa Ugonjwa wa Rhesus wa Watoto Wachanga, 1932–1968

Mwaka 1932 Louis Diamond na wenzake wa Boston walibainisha kuwa uvimbe wa kijusi, manjano makali na upungufu wa damu wa mtoto mchanga ni sura tatu za ugonjwa mmoja. Chanzo chake, hata hivyo, kiliendelea kutafutwa katika mwili wa mtoto. Insha hii inajenga hoja kwamba kinga ilipatikana pale tu uchunguzi ulipohamia kwenye damu ya mama.

Hatua ya kwanza ilikuwa ya Ruth Darrow wa Chicago. Mwaka 1938 alieleza kwamba kingamwili za mama hupenya kondo la nyuma na kuharibu chembe nyekundu za mtoto. Alikosea kuhusu antijeni, kwani aliihusisha na himoglobini ya kijusi. Utaratibu alioueleza ulikuwa sahihi.

Ushahidi ulifuata mwaka 1939. Philip Levine na Rufus Stetson walimchunguza mwanamke aliyejifungua mtoto mfu, kisha akadhurika alipoongezewa damu ya mumewe. Seramu yake iligandisha pamoja chembe za watu 80 kati ya 104 ambao damu yao ilipatana na yake kwa makundi ya ABO. Mwaka 1940 Karl Landsteiner na Alexander Wiener walitangaza kipengele cha Rhesus, na mwaka 1941 Levine akakihusisha na ugonjwa huo.

Tiba zilizofuata, yaani kubadilisha damu ya mtoto katika miaka ya 1940 na kumwongezea damu akiwa tumboni, kazi ya William Liley huko Auckland mwaka 1963, ziliokoa maisha. Hata hivyo, zilimfikia mtoto wakati mama ameshajenga kingamwili.

Kinga ilitokana na jambo ambalo Levine aliligundua mwaka 1943: mama asiyepatana na mtoto kwa makundi ya ABO aliathirika mara chache zaidi, kwa kuwa chembe za mtoto ziliondolewa mapema. Watafiti wa Liverpool na New York waliiga utaratibu huo kwa kumpa mama kingamwili za anti-D. Majaribio ya New York yaliwatumia wafungwa wa Sing Sing. Dawa iliidhinishwa Marekani mwaka 1968.

Hivyo, kilichomdhuru mtoto ndicho kilichogeuzwa kinga yake. Lakini anti-D haifuti kingamwili ambazo mama amekwisha kuzijenga. Mafanikio yake yanategemea kundi la damu la mama kujulikana mapema.